Sabato ya Mgeni

Mara ya kwanza kuadhibiwa kwa ajili ya Sabato nilikuwa na miaka kumi na minne. Shule yetu ya bweni ilikuwa ya wamisionari wanaopumzika Jumapili, na Jumamosi asubuhi wasichana wote walipewa mafyekeo wakate nyasi kuanzia langoni hadi nyuma ya vyoo. Mimi nilisimama kando na mikono nyuma, nikasema kwa adabu kwamba kwetu siku ile hatufanyi kazi. Mwalimu mkuu, mama wa Kizungu mwenye sauti ndogo sana, hakunipiga. Alisema tu kwamba nyasi zangu zitaningoja hadi kesho. Basi Jumapili, wenzangu walipokuwa wakielekea kanisani na sare zao zilizopigwa pasi, mimi nilikuwa nimeinama na fyekeo, na kila aliyepita alinitazama kama mtu aliyefumaniwa akiiba. Nilikata nyasi za Jumapili kwa miaka minne.

Nyumbani kwetu, kwenye vilima vya Nyamira, hakuna aliyeniona mkosaji. Baba alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato, na Ijumaa yetu ilikuwa siku ya mbio. Kabla jua halijashuka nyuma ya mikaratusi, kuni zilikuwa zimepasuliwa, maji yameletwa kutoka mtoni, viatu vimepakwa rangi. Mama alikuwa ameshasonga obokima, ule ugali wetu wa wimbi, akaufunga kwa majani ya mgomba, na mboga za chinsaga zimelala ndani ya maziwa. Jua likizama, hakuna aliyegusa moto. Makaa ya Ijumaa yaliruhusiwa kuendelea kuwaka yenyewe, lakini yakifa, yamekufa. Mwezi wa Julai, ukungu ukiwa umekaa mlangoni kama mgeni asiyetaka kuondoka, tulijifunika mablanketi tukaimba huku meno yakigongana. Gari la kununua chai likija Jumamosi, majani yetu yalibaki mashambani, na majirani walicheka. Baba alikuwa akisema, "Wacha wacheke. Majani yataota tena."

Nayasema haya ili ieleweke nilikuwa nimebeba nini moyoni, mwishoni mwa miaka ya sitini, nilipochaguliwa kwenda kusoma Yerusalemu. Wakati huo nilikuwa muuguzi katika zahanati ndogo karibu na soko la Nyakoe. Nafasi ilikuwa ya mwaka mmoja, kusomea afya ya mama na mtoto. Baba hakuuliza habari za cheti wala za kazi nitakayopata nikirudi. Alisema kwa Ekegusii, taratibu, kama mtu anayesoma, "Mwanangu, unakwenda mahali ambapo hakuna mtu atakayekuuliza kwa nini hufanyi kazi Jumamosi."

Nilimwamini. Kanisa zima lilimwamini. Walisimama wakaniombea, na kina mama walinishika mikono kana kwamba ilikuwa imeshagusa mawe ya mji ule.

Nilifika Ijumaa saa sita mchana, mwezi wa Novemba, nikiwa na sweta niliyonunua Kisii mjini na sanduku la bati. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni ilikuwa inataka kufunga. Karani, kijana mwenye miwani, aligonga mihuri haraka haraka, akanikabidhi kwa muuguzi wa Kitanzania aliyefika tangu majira ya baridi yaliyopita. Alikuwa mwanamke wa Tanga, Mwislamu, mchangamfu, na Kiswahili chake kilitiririka hata nikaona aibu kufungua kinywa. Changu kilikuwa cha darasani, na ngeli zilikwenda zilikotaka.

"Usijali, dada," aliniambia tukiwa kwenye basi. "Kiswahili chako kimevaa gambuti, lakini kitafika."

Alinipeleka kwenye nyumba ya mawe, ghorofa ya chini, katika kichochoro chembamba kilichoanikwa nguo juu na kuchezewa na paka chini. Kumbe chumba nitakachoishi kilikuwa chake kabla hajahamia bweni la hospitali. Mwenye nyumba alikuwa mjane mzee, kichwa amekifunga kitambaa cheusi, mgongo umeanza kuinama. Kiingereza chake kilikuwa cha vipande; alikiokota miaka ya nyuma akiwafulia nguo maafisa wa Kiingereza walipokuwa wakitawala kule. Alinipa chai ya mnanaa, akanikagua kuanzia viatu hadi nywele, akauliza swali moja tu.

"Wewe Mkristo?"

"Ndiyo, Mama."

Uso wake ukafunguka. "Vizuri," akasema. "Mkristo vizuri sana."

Nikafurahi. Nikafikiri, huyu ni mtu anayeheshimu imani ya mwenzake. Yule mwenzangu wa Tanga alisimama mlangoni kama anayetaka kuongeza neno, lakini basi la mwisho lilikuwa linaondoka na ilimbidi kukimbia. "Mengine nitakueleza Jumapili!" akapaza sauti kutoka kichochoroni.

Jua lilipokaribia kuzama, king'ora kililia juu ya mji. Nilishtuka nikidhani ni hatari, lakini bibi alikuwa ametulia mbele ya mishumaa yake miwili, macho ameyafunika kwa viganja. Nilikwenda dirishani. Maduka yalikuwa yamefungwa. Mabasi hayakuonekana. Wanaume walipita na mashati meupe, wameshika watoto mikono, hawana haraka. Mji mzima, wenye taa na barabara na serikali, ulikuwa umesimama kwa ajili ya siku ile ile iliyoniletea mimi adhabu ya nyasi. Nililia dirishani pale, na sikuona haya kulia.

Asubuhi yake nilivaa vizuri, nikala mkate baridi na yai nililolichemsha jana yake, nikakaa sebuleni na kitabu changu cha nyimbo. Palikuwa na baridi kali. Ni baridi ya mawe ile, si kama yetu. Haishuki kutoka juu, inatoka ukutani. Pembeni ilisimama hita ya mafuta ya taa, imezimwa. Bibi aliizima kabla ya mishumaa kwa sababu aliogopa kulala na moto ndani ya nyumba.

Alitoka chumbani akiwa amejitanda shali, akasimama mbele yangu.

"Baridi," akasema.

"Kweli, Mama. Baridi sana."

Akaitazama hita. Nami nikaitazama.

"Hita haiwaki."

"Haiwaki, Mama," nikakubali, na nikatabasamu kumwonyesha kwamba naelewa. Nilijiona kama niko nyumbani. Sisi wawili, watu wa Sabato, tunavumilia baridi kwa ajili ya Mungu mmoja! Nilikwenda chumbani nikaleta blanketi langu, nikamfunika magotini. Alilitazama kama mtu aliyeomba chumvi akapewa jiwe.

Baada ya muda akarudi tena. "Kiberiti kiko hapo juu," akasema, akikionyesha kwa kidevu.

"Nimekiona, Mama. Kiko salama."

Mara ya tatu aliniambia msalani ni giza. Nikamshika mkono nikampeleka hadi mlangoni, nikamngoja, nikamrudisha kitini taratibu kama tunavyofanya kwa wazee wetu. Hapo alisema neno kwa lugha yake, akaingia chumbani, akafunga mlango, na sikumwona tena hadi jioni. Mimi, mjinga wa mwisho, nilidhani amepumzika. Niliimba kimoyomoyo nyimbo zetu za Ekegusii na kumshukuru Mungu kwa kunipa mwenyeji mcha Mungu.

Jumapili masomo yakaanza. Wakati wa chai yule mwenzangu alikuja na kikombe chake, akaketi karibu nami.

"Haya, umeonaje Jumamosi yako na bibi? Aliamka mapema kuisalimia hita?"

Nilimweleza yote: baridi, blanketi, kiberiti, msalani. Alianza kucheka, kisha akaacha, akanitazama usoni kuona kama natania.

"Hukuwasha? Siku nzima?"

"Niwashe nini?"

"Hita, dada. Na taa ya msalani. Sikiliza. Wao siku ile hawaruhusiwi kuwasha moto, wala hawaruhusiwi kukuamuru waziwazi uwawashie. Kwa hiyo anakwambia baridi, nawe unawasha kana kwamba wazo limetoka kichwani mwako."

"Na wewe ulikuwa ukiwasha?"

"Kila Jumamosi. Ni njiti moja ya kiberiti. Dini yangu hainikatazi."

"Yangu inanikataza."

"Si umesema wewe Mkristo?"

"Mkristo wa Sabato. Jumamosi yake ndiyo Jumamosi yangu."

Aliweka kikombe chini. "Basi yule bibi hajui," akasema polepole. "Kila mwaka huiomba ofisi impelekee mpangaji asiye wa dini yao. Hujashangaa chumba kizuri namna ile kilikuwa kinangoja nani?"

Nilikumbuka lile "vizuri" lake, na tabasamu lililolifuata, na nikaelewa lilikuwa la mtu aliyepata kifaa alichokihitaji. Nimetukanwa mara nyingi maishani, lakini hilo liliniingia mahali pengine. Mwalimu mkuu wa Kizungu hakuijua Sabato; kwake ilikuwa ushamba wa watu wa vilimani. Huyu aliijua. Aliijua kwa uzito wake wote, kwa mishumaa na machozi, na alikuwa ameamua mapema kwamba mtu kama mimi haiwezi kumhusu. Kwamba siku ile takatifu ilikuwa inaishia mlangoni mwa chumba changu.

Masomo ya siku hiyo sikuyasikia. Saa tisa nilikuwa ofisini kwa yule karani mwenye miwani.

"Nataka chumba kingine," nikamwambia.

Alifungua faili langu. "Kuna shida gani? Kile ni chumba kizuri."

Nilimweleza. Alinisikiliza kwa upole, akageuza fomu ili niione. "Hapa umeandika Mkristo."

"Fomu haikuniuliza Mkristo wa namna gani."

"Lakini hiyo Sabato," akasema, na tabasamu likamtoka, si la ubaya, ila la mtu anayesikia mtoto akijiita mfalme, "mmeitoa wapi ninyi huko?"

"Mlikoitoa ninyi."

Akacheka. "Sawa, sawa. Lakini kwako si amri. Ukiwasha hita, hakuna ulichovunja."

"Nani amekwambia?"

"Ndivyo sheria ilivyo."

"Sheria yako inajua nimevunja nini mimi?"

Akavua miwani akaifuta. Alikuwa kijana mwema, nadhani, na alitaka kwenda nyumbani. "Vyumba vimejaa," akasema. "Nitaandika jina lako, tutaona baada ya wiki chache. Na kwa sasa, jamani, ni kiberiti kimoja tu kwa wiki."

"Kama ni kiberiti tu," nikamjibu, "mwambie akiwashe mwenyewe."

Hapo akaacha kucheka. Nami nikatoka.

Bibi nilimkuta jikoni, anachambua dengu kwenye sinia. Sikukaa. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima.

"Mama, Jumamosi ijayo sitawasha hita."

"Sikukuomba uwashe."

"Uliniambia baridi."

"Ilikuwa baridi."

"Mama!"

Akaendelea kutupa vijiwe pembeni mwa sinia. Nikasema, "Mimi pia nashika Sabato. Kwetu hatuwashi moto. Baba yangu hawashi, mama yangu hawashi. Nimekatishwa nyasi miaka minne kwa sababu ya siku hii."

Vidole vyake vikasimama. "Wewe?" akauliza. Alininyooshea kidole usoni, kisha akakishusha hadi kwenye mkono wangu na kukiacha pale, juu ya ngozi. "Ninyi? Nani aliwapa?"

Siwezi kueleza jinsi kidole kile kilivyoniunguza. Nilimwambia kwamba amri ile kanisani kwetu huisoma kila mtoto, na kwamba inawataja kwa zamu wote wanaopaswa kupumzika: mwana na binti, mtumishi, hata ng'ombe, na mwisho inamtaja mgeni aliye ndani ya lango. "Mgeni ndiye mimi," nikasema. "Na lango ni hili lako. Sikuhitaji kupewa na mtu. Nimo ndani tangu mwanzo."

Alisukuma sinia pembeni. Maji yalikuwa yakichemka jikoni na hakuyatazama.

"Mimi sijui kusoma," akasema hatimaye. "Mume wangu alijua." Kisha, kana kwamba ni habari nyingine kabisa, akaanza kunieleza habari za afisa mmoja wa Kiingereza. Alimletea mashati Jumamosi, anataka yapigwe pasi kabla ya jioni. Akamwambia ni Sabato. Afisa akamjibu kwamba kwake yeye si Sabato.

"Ukafanyaje, Mama?"

"Nilipiga pasi. Watoto walikuwa wadogo."

"Basi unajua inavyouma."

"Najua," akasema, akavuta sinia karibu. "Ndiyo maana mimi siamuru. Mimi nasema baridi tu."

Niliingia chumbani nikafunga mlango. Kwa miaka mingi jibu lile limenirudia. Alidhani amenifanyia wema. Aliteswa kwa amri ya waziwazi, akaona ustaarabu ni kumtesa mwenzake kwa fumbo.

Jumamosi ya pili hakusema baridi. Alivaa koti kubwa, akaketi sebuleni mkabala na hita iliyozimwa, akanitazama siku nzima kama hakimu. Nami nilivaa sweta yangu na koti juu yake, nikamtazama. Tulikula chakula baridi kwenye meza moja bila kuzungumza. Ukitazama kutoka nje ungesema ni wacha Mungu wawili. Lakini hasira ya mle ndani ingetosha kuchemsha maji.

Ya tatu mvua ilinyesha tangu Ijumaa. Usiku kucha nilimsikia akikohoa, na asubuhi hakutoka chumbani. Nilibisha, nikaingia. Paji la uso lilikuwa moto, midomo mikavu, na pumzi zake zilikuwa fupi fupi zenye kelele ndogo ambayo muuguzi yeyote anaijua. Sikufikiri mara mbili. Kwetu kumhudumia mgonjwa hakukatazwi siku yoyote. Baba mwenyewe alikuwa akiacha ibada kumbeba mgonjwa kwenye machela hadi barabarani. Niliisogeza hita hadi chumbani kwake, nikapiga kiberiti, nikachemsha maji, nikamwinua ili apumue vizuri na kumnywesha chai ya moto yenye asali.

Alifumbua macho akauona moto. "Sikukwambia baridi," akasema kwa sauti ya kukwaruza.

"Sikuwasha kwa sababu ya baridi. Nimewasha kwa sababu unaumwa."

Daktari aliyeishi jirani hakuwapo hadi jua lilipozama; aliporudi nilimwita. Alimpima, akampa dawa, akasema nimefanya vema.

Jumapili asubuhi alikuja mwanawe, dereva wa lori, mtu mnene mwenye sauti kubwa. Alikaa na mama yake kidogo, kisha akanifuata jikoni na boksi la biskuti lililofungwa utepe.

"Mama anasema sasa unawasha," akaniambia, uso umejaa furaha. "Vizuri! Tulifikiri itabidi tukuhamishe."

Nilihisi kama nimepigwa kibao. "Nilimwashia mgonjwa," nikasema.

"Ndiyo, ndiyo. Umeshazoea."

"Sijazoea. Akiumwa tena nitawasha tena. Asipoumwa, siwashi."

Hakuelewa, au hakutaka kuelewa. Aliniwekea boksi mkononi. Nikalirudisha mkononi mwake, nikamwambia ampelekee mama yake kwa kuwa ndiye anayehitaji nguvu. Aliondoka akitikisa kichwa, na mlangoni nilimsikia akimwambia jirani neno ambalo sikulijua maana, lakini jirani alicheka.

Ndipo ikaja barua ya Baba. Nilikuwa nimemwandikia Jumapili ile ya kwanza, kurasa tatu, moyo wangu wote. Nilikuwa nikiingoja barua yake kama anayengoja askari wa kumwokoa. Niliifungua nikiwa nimesimama.

Aliandika kwa Ekegusii, kwa mwandiko wake wa kulala. Mvua zilikuwa nzuri. Ng'ombe mwekundu amezaa. Kisha akaandika kwamba hao ninaoishi nao ni wana wa Ibrahimu, wateule, na kwamba mimi ni mgeni kwao. Bibi mwenye nyumba akisema ni baridi, niwashe, Mungu ataelewa. Nisiwaletee aibu.

Niliisoma mara mbili, nikaketi kitandani. Baba yangu, aliyeacha chai yake ikomae hadi kuharibika! Baba aliyekuja shuleni siku moja kwa miguu, akanikuta na fyekeo, akasimama nje ya ua na kuniambia, "Kata, mwanangu, kichwa juu." Nyasi za Wazungu nikatae na nisifiwe kanisani, lakini hita ya wana wa Ibrahimu niwashe, tena kwa adabu. Kumbe hata yeye moyoni mwake alikuwa ameweka ngazi, na sisi tumo kidato cha chini kabisa. Sabato alinipa yeye, na sasa alikuwa ananiambia kwamba nimeazimwa tu, mwenyewe akitokea nimrudishie.

Nilimjibu siku ile ile kwa mistari michache. "Tata, sitawasha. Ulinifundisha mwenyewe." Hakuligusia tena jambo hilo. Barua yake iliyofuata ilizungumzia ndama na paa la kanisa.

Bibi alipona. Ijumaa moja, saa kumi jioni, king'ora bado, aliniita kwa sauti kubwa kutoka sebuleni. Nilimkuta amesimama kando ya hita. Ilikuwa imejazwa mafuta hadi juu, utambi umekatwa vizuri.

"Washa sasa," akasema.

Nilimtazama nisijue kama ni fumbo jingine.

"Sasa si Sabato," akasema kwa hasira. "Kwako si Sabato, kwangu si Sabato. Washa, tushushe utambi, iwake yenyewe hadi kesho."

"Si unaogopa kulala na moto?"

"Naogopa. Tutaacha dirisha wazi kidogo."

Nikawasha. Ilichukua muda mfupi kuliko ninavyotumia kuandika sentensi hii. Tulishusha utambi hadi mwali ukawa kama ukucha, na Jumamosi ile sebule yetu ilikuwa na joto la kutosha, na hakuna aliyevunja chochote.

Hakuniomba radhi siku ile, wala siku nyingine yoyote kwa mwaka mzima niliokaa pale. Karani alinipigia simu kunieleza kwamba chumba kingine kimepatikana. Nikamwambia sitahama, nimeshakipigania hiki nilicho nacho. Kwa majirani bibi alinitambulisha kwa majivuno. "Huyu Mwafrika wangu ni mgumu kuliko rabi," alikuwa akisema, nami kila mara nilimwambia, "Si wako, Mama," naye kila mara aliendelea kusema hivyo hivyo.

Watu wa kanisa letu niliporudi walitaka niseme kwamba tulipatana, kwamba mji ule ulitulainisha sote wawili. Siwezi kusema hivyo. Nilimpenda kwa namna fulani, namna ya watu walioshiriki chakula baridi. Lakini hasira haikuniisha, kwa sababu ya jambo moja dogo: ile njia ya Ijumaa ilikuwapo siku zote. Hita ilikuwa ile ile, mafuta yale yale, dirisha lile lile. Miaka yote hiyo ilikuwa rahisi zaidi kumtafuta msichana kutoka mbali awashe kuliko kujaza mafuta mapema na kuivumilia hofu kidogo.

Siku chache baada ya Ijumaa ile ya hita nilimweleza hayo mwenzangu wa Tanga, tukiwa tunakula kwenye kantini ya hospitali. Nilitegemea atacheka kama kawaida yake. Aliacha kijiko ndani ya supu.

"Kwa hiyo iliwezekana?" akauliza.

"Iliwezekana."

"Mimi Jumamosi nilikuwa nikiamka alfajiri kabla yake," akasema, "nimwashie ili asisikie baridi akitoka kitandani. Nikiwa na homa niliamka. Siku niliyopata habari za msiba wa mjomba niliamka." Sijawahi kumwona na uso ule. "Na hakuwahi kusema kuna njia nyingine."

"Pengine hakuwahi kuifikiria."

"Kwa nini aifikirie? Nilikuwapo mimi."

Akasimama, akavaa koti lake, akaniambia twende. Nilimkumbusha kwamba tuna somo saa nane. Akasema somo litangoja. Tukapanda basi hadi kwenye kichochoro kile. Bibi alifurahi kumwona, akaweka birika la chai, lakini mwenzangu hakuketi. Alimweleza zile alfajiri zote, ile homa na ule msiba, akamuuliza kwa nini hita haikuwashwa Ijumaa, yote kwa Kiingereza chake safi, bila kupaza sauti, mpaka mwisho.

Bibi alimsikiliza akiwa ameshika vikombe.

"Hukusema," akamwambia.

"Hukuuliza," akajibu yule dada wa Tanga, kisha akavuta kiti na kuketi, akisubiri ajibiwe.